Tiketi ya Tabora

Kitabu kilifika Mkolani ndani ya mfuko wa sembe. Kaka yangu alikuwa tingo wa lori lililopeleka pamba Dar es Salaam na kurudi na bidhaa za dukani. Safari hiyo alikinunua kwenye meza ya muuza vitabu, akakisokomeza katikati ya unga ili dereva, ambaye naye alikuwa mlevi wa hadithi za upelelezi, asikione njiani. Alikitoa jioni kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Tukakipangusa kwa kipande cha bitana. Kabla jua halijazama nyuma ya mawe, watu 11 walikuwa wameshaandikisha majina.

Walijiandikisha kwenye daftari la fundi, lile lile la wateja. Mbele kulikuwa na mambo ya nguo: jina, kitambaa, vipimo, kianzio, baki. Ukiligeuza, nyuma kulikuwa na foleni ya vitabu. Kila msomaji siku mbili. Ukichelewesha, unamnunulia anayefuata chai na maandazi mawili. Ukikunja pembe ya ukurasa, kitabu kijacho unakuwa wa mwisho. Sheria ya tatu haikuandikwa popote, nayo ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote: aliyemaliza anafunga mdomo mpaka wa mwisho naye amalize. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwenye foleni nilikuwa wa nne.

Huo ulikuwa mwaka 1989. Ukitoka Mwanza mjini ulipita Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, halafu nyumba zikaanza kuachana, mihogo ikiota katikati ya mawe, na hapo ndipo ulipokuwa umefika kwetu. Nyumba zenye umeme ulizihesabu kwa vidole. Jioni kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na Pwagu na Pwaguzi wakianza, hata mwenye ugomvi na jirani aliomba kusogeza kigoda. Zaidi ya hapo burudani ilikuwa karatasi. Gazeti la Sani likifika lilisomwa mpaka wino ukahamia vidoleni. Na vitabu tulivyovigombania vilikuwa vya namna moja tu: mtu kafa, nani kamuua, au nchi inahujumiwa, nani ataiokoa.

Baadaye, chuoni, nilikuja kusikia kwamba hizo zinaitwa riwaya pendwa, tena kwa sauti ile mtu anayotumia kutaja pombe ya kienyeji. Sisi hatukujua kama tunasoma kitu cha kuonea haya. Elvis Musiba alikuwa ametoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 na Njama mwaka 1981, na kijana wa Mkolani mwenye suruali mbili alipomwona Willy Gamba, Mtanzania mwenzake, akiingia Kinshasa kama mtu anayeingia sebuleni kwake, mgongo ulinyooka wenyewe. Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma aliyezaliwa mwaka 1958, alitupa Joram Kiango. Kabla yao kulikuwa na Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo ya mwaka 1965, na nyuma zaidi, kutoka Unguja, Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na ikachapwa 1960. Huyo wa Unguja ndiye aliyemzaa Bwana Msa, mpelelezi wa kiko, asiyekimbia wala kupiga mtu ngumi. Anavuta, anatazama, anauliza.

Kibaraza kilikuwa na makabila mawili: watu wa Gamba na watu wa Msa. Wa Gamba walitaka risasi. Wa Msa walitaka kuhesabu dalili na kumtaja muuaji kabla mwandishi hajamtaja. Fundi alikuwa wa Msa mpaka kwenye mfupa.

Mwandishi wa kitabu kile kilichotoka kwenye unga alipendwa na makabila yote mawili, na ndiyo maana foleni ilifika watu 11. Jina lake silitaji. Vitabu vyake vingine vilinilea, na mlezi haanikiwi nguo zake chafu barabarani. Itoshe kusema tulikuwa tumemsubiri miaka mitatu, na kila lori lililorudi kutoka Dar tuliliuliza.

Hadithi yenyewe ilianza vizuri mno. Mfanyabiashara anakutwa amekufa katika chumba cha hoteli hapa hapa Mwanza. Mlango umefungwa kwa ndani. Saa yake ya mkononi iko, pesa zake ziko. Ndani ya soksi ya mguu wa kushoto kuna tiketi ya treni, daraja la pili, Tabora kuja Mwanza, ya kesho yake, haijatobolewa. Mpelelezi anaigeuza mkononi na kujiuliza: mtu aliyekwisha kufika Mwanza ana haja gani na tiketi ya kuja Mwanza? Kwa kitabu kama hicho unakosa usingizi kwa hiari. Nilisomea kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi ndani. Mama alipiga kelele kuhusu mafuta ya taa, nami nikazima, nikasubiri akorome, nikawasha.

Siku yangu ya pili nilitumwa Sengerema kwa shangazi. Enzi hizo ukitoka Mkolani unafika Usagara, unakata kulia, na barabara inaishia majini, Kigongo. Ng'ambo ni Busisi. Katikati ni pantoni, na kabla ya pantoni ni foleni ya mabasi, malori ya dagaa na watu waliokaa juu ya magunia yao. Nilisubiri zaidi ya saa tatu, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba pantoni ichelewe. Nilipanda nikiwa ukurasa wa 160. Nilisimama pembeni kwenye vyuma, mgongo kwenye tairi la basi, kuku wa mtu wakinidonoa kamba za viatu. Karani wa benki ndiye aliyeshukiwa na kila mtu, ila usiku wa mauaji alikuwa harusini, watu mia wanamwona. Ukurasa wa 170, mpelelezi anapanda ngazi, anafika mlangoni, anashika kitasa.

Ukurasa wa 171, mlango unafunguka, na ndani kuna pacha wa karani.

Pacha! Hakuwahi kutajwa. Si kwa jina, si kwa picha ukutani, si hata kwa mama kuropoka msibani kwamba alizaa wawili. Kumbe alikuwa ng'ambo miaka yote, karudi juzi, kaua kwa wivu wa urithi ambao nao tulikuwa tunausikia kwa mara ya kwanza. Kurasa sita, kakiri, kafungwa pingu, mpelelezi kawasha sigara, mwisho. Nilirudi nyuma kutafuta niliporuka. Sikuwa nimeruka. Tulipogonga gati la Busisi nilikuwa bado nimeduwaa, na kondakta wa basi akanisukuma akisema kijana, shuka, au umeahidiwa kurudishwa bure?

Nilirudisha kitabu kwa wakati. Fundi, ambaye alikuwa wa kwanza kusoma, alinitazama juu ya miwani. Sheria ilitukataza kusema. Alichofanya ni kuchukua chaki na kuandika juu ya meza, kwenye mbao, neno moja: TIKETI? Halafu akalifuta kwa kiganja.

Kweli. Katika hasira zangu za pacha nilikuwa nimeisahau tiketi. Na mwandishi alikuwa ameisahau pia.

Foleni iliendelea. Mtu wa mwisho alipomaliza tulikutana Jumapili mchana, wote 11, na wengine waliokuja tu kusikiliza ugomvi. Mlinzi wa ghala la pamba alikuwepo na rungu lake. Alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, nesi wa zahanati, vijana wawili wa Chuo cha Ualimu Butimba, kaka yangu akiwa hayuko safarini, na binti wa mama wa maandazi pamoja na mama yake, ambaye hakujua kusoma ila alisomewa kitabu chote usiku mbili mfululizo, hivyo kwa haki kabisa alihesabiwa msomaji.

Kaka ndiye aliyefungua. Alisema kwa pesa ile angenunua viatu. Alisema tumeingizwa mjini.

Mwalimu akamtetea mwandishi. Alisema sisi tumezoea hadithi za sungura, ambamo kila kitu kina jibu. Maisha hayajibu. Watu wangapi wamekufa hapa Mwanza na muuaji hajulikani mpaka leo? Mwandishi kakomaa, sisi ndio tumebaki watoto. Ilikuwa hoja nzuri, na ingenishawishi kama kitabu chenyewe kingenyamaza bila jibu. Lakini kilijibu, tena kwa haraka ya mtu anayewahi pantoni.

Aliyenipiga butwaa ni mlinzi. Huyu alikuwa askari katika vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, na kwa kawaida hakusema zaidi ya maneno matatu. Siku hiyo alisema mengi. "Nyie mnalalamika pacha hakutajwa. Mimi nusura niuawe na mtu ambaye sikuwahi kutajiwa. Katoka kwenye migomba, kapiga, kaingia kwenye migomba. Sikumjua jina, sikumjua mama yake. Kitabu hiki ndicho cha kwanza kusema kweli." Kibaraza kilinyamaza kidogo. Hakuna aliyekuwa na la kumjibu, na mimi sina mpaka leo, ingawa bado nadhani hakuwa sahihi kuhusu kitabu. Kuhusu vita alikuwa sahihi.

Mama wa maandazi alisema hajali nani kaua. Alitaka kujua mtoto wa marehemu alilelewa na nani. Yule mtoto alikuwa ametajwa mara moja tu, ukurasa wa mwanzo mwanzo, amesimama mlangoni ameshika kikombe kitupu. "Mmesoma wote na macho yenu," alisema, "hakuna hata mmoja aliyemwuliza yule mtoto kama kala." Nilikwenda kuangalia baadaye. Kikombe kipo. Nilikuwa nimekipita kama mtu anavyopita jiwe la njiani.

Fundi alingoja wote wamalize. Alichukua shati lililokuwa halijaisha, akatoa kidole kupitia tundu la kifungo. "Hili tundu nimelitoboa mimi. Nikishatoboa, mwenye shati ananidai kifungo. Angenikuta sijatoboa, asingenidai. Huyu bwana nani alimtuma atoboe? Tiketi ile kaiweka mwenyewe kwenye soksi. Kachukua kianzio changu. Nguo iko wapi? Amelipua."

Hapo ndipo nesi alipouliza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana mjinga: "Samahani, huyo pacha mnayemsema ni nani?"

Tulimcheka. Halafu kijana mmoja wa Butimba akasema naye hajui pacha yeyote. Na mwenzake. Na mwingine. Kikaletwa kitabu chenyewe, tukakifunua. Kiliishia ukurasa wa 170, mkono wa mpelelezi ukiwa kwenye kitasa. Karatasi tatu za mwisho hazikuwepo. Zilikuwa zimetoka kwa ustadi, bila kuacha hata uzi wa gundi. Watano wa kwanza tulikuwa tumesoma kitabu kizima. Sita waliotufuata walikuwa wamesoma kitabu kinachoishia mlangoni, na hawakujua kwamba kuna zaidi.

Nao, karibu wote, walikipenda. Nesi alisema hakuwahi kusoma mwisho kama ule. Alikaa usiku mzima akiwaza nani yuko nyuma ya mlango, na akawa ameamua ni mke wa marehemu. Kijana wa Butimba aliamua chumba ni kitupu. Mmoja tu kati ya sita alikasirika. Alisema ameachwa kwenye mataa. Basi tuliokuwa na jibu tulikuwa na hasira, na wasio na jibu walikuwa na usiku wao mzuri, na kila upande ulimwonea mwenzake huruma. Tulipojitolea kumsimulia nesi kilichokuwemo, aliziba masikio. "Niacheni na mlango wangu."

Aliyeziondoa karatasi zile ni fundi. Naona nilipe hapa hapa, nisije nikafanya kile ninachokilaumu. Alinikiria mwaka 2003, bila kuulizwa, akiwa anatia uzi kwenye sindano: alikata kwa wembe wa kufumulia mishono, baada ya binti wa mama wa maandazi kurudisha kitabu na kabla nesi hajachukua. "Nguo iliyoharibika pindo unafanyaje?" alisema. "Unapandisha." Kijana wa Butimba, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu mahali, nilipomweleza alichukia kweli kweli, miaka yote hiyo ikiwa imepita. Kwake mwandishi ana haki ya kukosea mpaka ukurasa wa mwisho, na fundi alikuwa mwizi tu. Mimi nimehama upande mara kadhaa.

Lakini Jumapili ile hatukujua, tukashuku zimefungiwa karanga. Kwa kuwa karatasi zilikuwa zimepotea, nami nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua kila kitu, nilijitolea kuandika mwisho mpya. Nilitumia karatasi nne za daftari la hesabu, kalamu ya bluu, na nikazibandika kwa uji mzito wa muhogo. Pacha nilimfuta. Tiketi niliilipa: marehemu hakuinunua kwa ajili yake, alimnunulia shahidi aliyekuwa Tabora, mama mzazi wa karani, ambaye angekuja kutoboa siri. Nilijisikia kama nimejenga daraja. Nikapeleka kibarazani na kusimama pembeni, nikijifanya naangalia magari ya Shinyanga.

Fundi alisoma akiwa amesimama. "Kifungo kipo," alisema. "Ila hakipiti kwenye tundu." Akanionyesha. Mama wa karani, kwa mujibu wa ukurasa wa 40, alikuwa amefariki, nilikuwa nimemfufua. Tiketi ilikuwa ya daraja la pili, na marehemu kote kitabuni ni bahili anayepanda la tatu. Kwa mgeni ndiyo angekuwa mkarimu? Na hata hivyo, kwa nini soksi? Kaka alisema mwisho wangu ni bora kuliko wa kitabu. Mama wa maandazi aliuliza kuhusu mtoto. Nilimwambia mtoto kachukuliwa na bibi. Akanitazama kwa huruma. "Hilo umelisema sasa hivi, mwanangu. Hukuliandika."

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu yaliyofuata maishani niliyapima kwa kipimo cha kibaraza kile, na mara nyingi nilijikuta nimepungua.

Mwalimu, kwa mfano, mwaka uliofuata alileta riwaya ya Nagona. Mwandishi wake, Kezilahabi, alikuwa mtu wa ziwa letu, kazaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilikuwa imepigwa marufuku mashuleni, jambo lililotosha kuifanya isomwe na kila mwanafunzi niliyemjua. Tuliifungua Nagona tukitegemea Rosa mwingine. Tulikuta mtu anatembea katika nchi isiyo na jina, anakutana na wazee na vitabu na sauti, na hakuna tulichokielewa. Nilidhani fundi ataitupa. Aliimaliza, ni nyembamba, kisha akairudisha kwa mikono miwili. "Sijaelewa," alisema. "Lakini huyu hakuchukua kianzio changu. Tangu mstari wa kwanza ameniambia hashoni suti." Nimesoma makala ndefu za wahakiki kuhusu Nagona na Mzingile iliyofuata mwaka 1991. Chache zimefika pale alipofika fundi kwa sentensi mbili.

Kwa kipimo hicho nilimpima pia Arthur Conan Doyle, ambaye bila yeye huenda Bwana Msa asingekuwa na kiko chake wala Najum wa kumsimulia. Doyle alimchoka Sherlock Holmes, na Desemba 1893 akamtupa kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi, katika jarida la The Strand. Inasimuliwa kwamba wasomaji 20,000 walivunja usajili wao. Mwaka 1903 alimrudisha akiwa hai, na maelezo ya namna alivyopona yangemfanya fundi aweke chaki chini. Hata hivyo wasomaji walimsamehe. Nadhani mlinzi angesema: bora mtu karudi, mengine mtayajua nyumbani.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye kazi hiyo. Baada ya mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 magazeti ya watu binafsi yaliota kama uyoga, na yalihitaji hadithi. Gazeti moja la wiki Dar es Salaam lilinipa nusu ukurasa. Niliandika mauaji, nikaweka dalili zangu kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuumbuliwa, na nilijua muuaji ni nani tangu sehemu ya kwanza. Ilipangwa iwe ya wiki kumi. Wiki ya nane mhariri aliniita. Gazeti linauzwa, alisema, usimalize. Wiki ya kumi na mbili, usimalize. Kila Alhamisi nilifika chini ya safu, nikaandika Itaendelea, nikaenda kuchukua posho yangu.

Watu hudhani mwandishi wa mwisho mbaya ni mvivu. Sikuwa mvivu, nilikuwa nafanya kazi kuliko wakati wowote. Ila muuaji wangu alikuwa ameshaanza kuonekana hata na mtoto mdogo, kwa kuwa katika wiki ishirini dalili zinaisha kama sabuni. Ilinibidi nimpe msomaji mtu mpya wa kumshuku. Usiku mmoja, taipureta mbele yangu, kijana tarishi akisubiri mlangoni, nikamleta mjomba kutoka Bukoba. Alikuja na meli. Alikuwa na kovu. Nilimpenda. Na wiki ya ishirini na sita, mhariri aliposema sasa maliza, tuna hadithi nyingine, mjomba ndiye aliyeua.

Barua zilikuja. Wengine walisema nimewatoa jasho, hongera. Mama mmoja wa Morogoro aliuliza kama mjomba ana mke. Wengine walinitukana vizuri. Na basi la kutoka Mwanza lilileta bahasha ya khaki, ndani yake kipande cha karatasi ya kukatia nguo, mwandiko wa chaki na penseli ninaoujua: "Huyu mjomba alikuwa wapi tangu Januari?" Chini yake, kwa herufi ndogo: "Na funguo za kabati?"

Funguo za kabati nilizitaja sehemu ya pili. Nilikuwa nimezisahau kabisa. Nilikaa na kile kikaratasi, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule mwandishi wetu, miaka mitatu tunamuulizia kwenye malori, mchapaji anamwambia karatasi ni adimu na kurasa hazizidi 176, na mwenye nyumba kasimama mlangoni. Labda haikuwa hivyo. Labda alilipua tu. Lakini nilikuwa nimeshapoteza haki ya kumrushia jiwe. Fundi haki yake alikuwa nayo bado, kwa sababu yeye, licha ya umeme na mvua na wenye harusi wanaofika saa mbili kabla, hakuwahi kumpa mtu shati lenye tundu tupu.

Mwaka jana nilikwenda Sengerema kwenye arobaini ya shangazi. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa, tangu Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji, na gari lilivuka kabla sijamaliza kutafuta mahali pantoni ilipokuwa ikigonga. Wakati wa kurudi nilishuka Mkolani. Barabara imejaa maduka, bodaboda, vioo vya aluminiamu. Kibaraza kipo, kimewekwa vigae. Fundi hashoni tena suti. Anatia zipu na kupunguza suruali, na macho yake yana ukungu. Nilimsalimia shikamoo, akanijibu kwa jina la kaka, ambaye hayupo tena, kisha akajirekebisha.

Mjukuu wake alikuwa kakaa kwenye benchi na simu. Anasoma hadithi inayotumwa vipande vipande. Mwandishi anaiachia bure mpaka pale mkono unaposhika kitasa, na hapo unatumiwa namba ya kulipia. Kijana alikuwa amefika sehemu ya kumi na nne.

"Babu, naomba elfu moja. Kesho nakurudishia. Kuna mtu katokea na bastola, na ndiye muuaji, lakini hawasemi kwa nini."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anatafuta tundu la sindano kwa ncha ya uzi, akikosa, akilowesha uzi mdomoni, akijaribu tena.

"Huyo mtu," alisema, "tulishakutana naye?"

Kijana akafikiri. Kisha akaanza kurudisha juu kwa kidole gumba, sehemu ya kumi na tatu, ya kumi na mbili, ya kumi na moja, na babu yake akasubiri, uzi mdomoni.